Harry Crawford wa Sydney: Ndoa, mavazi na hukumu ya kifo

Mwezi Oktoba mwaka 1920 umati wa watu ulijaa katika mahakama ya jinai ya Darlinghurst, mjini Sydney, kwa shauku ya kumwona mshtakiwa mmoja. Kwa takribani miaka 20 mtu huyo alikuwa ameishi jijini humo kama mwanamume kwa jina la Harry Crawford, na mara mbili alikuwa amefunga ndoa na wanawake. Siku ya kesi alipandishwa kizimbani akiwa na nguo za kike, akaitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake, Eugenia Falleni. Shtaka lilikuwa la kumuua mke wake wa kwanza, Annie Birkett.

Kiswahili humpa msimulizi wa habari hii nafuu ambayo magazeti ya Kiingereza ya wakati ule hayakuwa nayo. Tunaposema alikwenda, alifanya kazi, alikamatwa, lugha haituulizi kama aliyetenda ni mwanamume au mwanamke. Waandishi wa Sydney walihangaika na swali hilo katika kila sentensi, na hatimaye wakambatiza mshtakiwa jina la mwanamume-mwanamke. Hata hivyo nafuu yetu huishia kwenye mlango wa ndoa. Hapo Kiswahili nacho hutaka kujua nani ameoa na nani ameolewa, na ni hapohapo mahakama ya Sydney ilipokwama.

Mtoto wa wahamiaji

Eugenia Falleni alizaliwa mwaka 1875 katika mkoa wa Tuscany, nchini Italia. Alikuwa bado mtoto mdogo wakati wazazi wake walipohamia Wellington, New Zealand, na alikuwa wa kwanza katika familia iliyokuja kuwa kubwa mno. Tangu ujana wake alipenda kuvaa suruali na kutafuta kazi za wanaume, katika viwanda vya matofali na katika mazizi ya farasi. Nyumbani mambo hayo yalileta ugomvi usiokwisha. Mwishowe aliondoka, akapata kazi melini kama kijana wa kiume.

Safari hiyo ya baharini ilimalizika kwa msiba. Kwa maelezo yaliyotolewa baadaye, siri yake iligunduliwa na nahodha, ambaye alimnajisi. Mwaka 1898 alishuka Newcastle, kwenye pwani ya New South Wales, akiwa mjamzito na hana jamaa hata mmoja. Mwaka huohuo mjini Sydney alijifungua mtoto wa kike aliyeitwa Josephine. Mtoto alikabidhiwa kwa mama mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa akiishi Double Bay, naye mzazi akavaa tena suruali, akajiita Harry Crawford na kwenda kutafuta kazi.

Mtu anayefika bandarini peke yake, katika mji ambao hakuna anayemjua baba yake wala ukoo wake, anaweza kujitambulisha apendavyo. Sydney ya wakati huo ilijaa watu wa namna hiyo, na si wengi waliokuwa na haja ya kuulizana maswali. Crawford alifanya kazi za sulubu katika machinjio, hotelini, kiwandani. Alivuta tumbaku, alikunywa pombe, alitukana kama walivyotukana wenzake. Kwa muda wa miaka mingi hakuna bosi wala mfanyakazi mwenzake aliyewahi kudai kuwa amedanganywa.

Ndoa ya Balmain

Mwaka 1912 Crawford alikuwa akiendesha gari la farasi na kufanya kazi za mikono nyumbani kwa daktari mmoja huko Wahroonga, kaskazini mwa jiji. Katika nyumba hiyo alifanya kazi pia Annie Birkett, mjane mwenye mtoto wa kiume, mwanamke mwenye bidii aliyekuwa amejiwekea akiba ndogo. Tarehe 19 Februari mwaka 1913 wawili hao walifunga ndoa mbele ya mchungaji wa Kimethodisti mtaani Balmain. Walifungua duka la peremende, na wakaishi kama walivyoishi mamia ya wanandoa wengine wa tabaka lao, kwa kubana matumizi na kwa kugombana.

Haifai kuipamba nyumba ile. Josephine, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, alikuja kuishi nao kwa muda, na kuwapo kwake kulizidisha mvutano. Crawford hakuwa mume mpole. Lakini kwa macho ya majirani, ya kanisa na ya serikali, hii ilikuwa familia halali: mume, mke na watoto wa kila upande. Cheti kilikuwapo, mchungaji alikuwapo, duka lilikuwapo.

Upande wa mashtaka ulidai baadaye kuwa mwaka 1917, wakati familia ikiishi Drummoyne, Annie aligundua ukweli kuhusu mumewe. Tarehe 1 Oktoba, ambayo ilikuwa sikukuu ya kuadhimisha siku ya kazi ya saa nane, wawili hao walikwenda kutembea katika msitu wa kando ya mto Lane Cove, karibu na Chatswood. Annie hakurudi. Siku ya pili yake mwili wa mwanamke ulioteketea kwa moto ulionekana msituni humo. Hakuna aliyeutambua. Uchunguzi wa kifo ulitaja kuungua kuwa sababu, haukuweza kuamua kama alijiua, aliuawa au alipatwa na ajali, na maiti ikazikwa bila jina.

Crawford aliwaambia watu kuwa mkewe amemkimbia. Aliuza vyombo vya nyumba na kuhama pamoja na mtoto wa Annie, mvulana mwenye umri wa kama miaka 13. Miaka mitatu baadaye mvulana huyo aliieleza mahakama jinsi Crawford alivyompeleka kwenye majabali ya The Gap, mahali palipojulikana kwa watu kujirusha baharini, na jinsi usiku mwingine alivyomwamuru achimbe shimo vichakani huko Double Bay. Ushahidi huo ndio mzito kuliko yote yaliyosemwa katika kesi ile, na wanaopenda kumkumbuka Falleni kama mwathirika tu huupitia haraka mno.

Mwezi Septemba mwaka 1919 Crawford alifunga ndoa kwa mara ya pili, na Elizabeth Allison.

Siku mbili za kesi

Jamaa wa Annie hawakuchoka kuuliza. Mwaka 1920 mwili uliozikwa bila jina ulihusishwa na Annie, kwa kutumia meno ya bandia na vitu vichache vilivyookolewa motoni, na mwezi Julai polisi wakamkamata Crawford. Alipoelezwa kuwa atapelekwa katika mahabusu ya wanaume, alilazimika kusema kuwa yeye ni mwanamke na kuomba awekwe pamoja na wanawake. Ombi lake jingine kwa polisi lilikuwa kwamba mkewe, Elizabeth, asiambiwe.

Tangu saa hiyo kesi ilikuwa na mambo mawili ndani yake, na jambo la pili lilikaribia kulimeza la kwanza. Polisi walikuta ndani ya begi lake kiungo bandia cha kiume, nacho kikawa kielelezo mahakamani. Magazeti yalichapisha picha zake akiwa na suti ya kiume, na maelezo ya kila undani wa maisha yake ya faragha yaliuzwa mitaani kabla hata ya shahidi wa kwanza kuapishwa. Raia 12 waliochaguliwa kuamua hatia yake, wanaume watupu, walikuwa wamekwisha kusoma.

Kesi ilisikilizwa mbele ya Jaji Mkuu wa New South Wales, Sir William Cullen, na kumalizika kwa siku mbili. Ushahidi kuhusu kifo chenyewe ulikuwa na nyufa. Mashahidi walidai kumtambua mtu waliyemwona karibu na msitu miaka mitatu nyuma. Nyufa zilizoonekana kwenye fuvu ziliweza kutokana na pigo, na ziliweza pia kutokana na joto la moto. Hapakuwa na aliyeona tendo lolote. Kilichokuwapo kwa wingi ni udanganyifu: mtu huyu alidanganya kuhusu jina, alidanganya kuhusu jinsia, alidanganya mbele ya mchungaji mara mbili. Kutoka hapo ilikuwa hatua fupi kuamini kuwa anadanganya pia anapokana kuua. Mshtakiwa alikutwa na hatia, akahukumiwa kunyongwa.

Rufaa ilishindwa, ingawa serikali iliibadilisha adhabu kuwa kifungo cha maisha.

Wasomi wa sheria hawajaacha kuichambua hukumu hiyo. Suzanne Falkiner aliandika kitabu juu ya maisha hayo mwaka 1988. Mwaka 2012 alifuata Mark Tedeschi, ambaye mwenyewe alikuwa kiongozi wa waendesha mashtaka wa New South Wales. Ni jambo la kuzingatia kwamba mtu aliyekuwa na kazi ya kuwatia watu hatiani ndiye aliyeona kuwa kesi ya 1920 haikuendeshwa kwa haki, na kwamba chuki ya umma ilijaza mapengo ya ushahidi. Hata hivyo, udhaifu wa kesi si uthibitisho kuwa mshtakiwa hakuwa na hatia. Annie Birkett alikufa kwa moto msituni, na mwanawe alikua bila mama.

Jiji lenye majibu mawili

Habari hii ina uzito wa pekee mjini Sydney kwa sababu jiji hilo limebishana juu ya ndoa kuliko mji mwingine wowote wa Australia. Mwaka 2004 serikali ya John Howard iliingiza katika sheria kuwa ndoa ni muungano wa mwanamume na mwanamke. Mwaka 2017 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni iliyopigwa kwa posta, na asilimia 61.6 kote nchini wakaunga mkono ndoa za watu wa jinsia moja. Sheria ilibadilishwa mwezi Desemba mwaka huo. Lakini ndani ya Sydney majibu yalikuwa mawili. Katika jimbo la uchaguzi la katikati ya jiji asilimia 83.7 walisema ndiyo. Katika jimbo la Blaxland, magharibi mwa jiji, ambako wanaishi wahamiaji wengi, Waislamu na Wakristo, asilimia 73.9 walisema hapana, kiwango kikubwa kuliko jimbo lolote nchini. Wahamiaji kutoka Afrika Mashariki wanaoishi upande huo wa magharibi wanaijua vyema hali ya kufanya kazi katika Sydney moja na kulea watoto katika nyingine.

Waliosema hapana walihofia malezi, dini na mamlaka ya wazazi. Waliosema ndiyo walizungumzia usawa mbele ya sheria. Maisha ya Crawford hayampi yeyote kati yao ushindi rahisi. Ndoa yake ya Balmain ilikuwa na kila umbo ambalo watetezi wa familia ya jadi walilidai, na ndani yake mlikuwa na siri ambayo sheria isingeweza kuikubali. Kwa upande mwingine, anayetaka kumfanya shujaa wa uhuru lazima kwanza amweleze mtoto wa Annie kuhusu lile shimo la Double Bay.

Afrika Mashariki si ngeni kabisa kwa swali la nani anaweza kuitwa mume. Miongoni mwa Wanandi wa Kenya na Wakuria wa pande zote mbili za mpaka, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumtolea mahari mwanamke mwingine ili nyumba yake ipate mrithi, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Mombasa ilitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika shauri la mirathi. Hiyo ni desturi ya ukoo na urithi, si ya mapenzi, na ni kosa kuilinganisha moja kwa moja na mambo ya Sydney. Tofauti iliyo dhahiri ni kwamba mume yule wa Kinandi hakuwa na haja ya kujificha. Kijiji kizima kilijua.

Jina la mwisho

Falleni alikaa gerezani Long Bay zaidi ya miaka 10. Aliachiwa mwezi Februari mwaka 1931, mtu wa miaka 55, na safari hii hakurudi kwenye suruali. Alivaa nguo za kike, akajiita Jean Ford, na baada ya muda akawa na nyumba ya kupangisha vyumba mtaani Paddington. Majirani wapya hawakujua lolote. Ni vigumu kusoma habari za miaka hiyo bila kujiuliza kama Jean Ford hakuwa amejificha zaidi kuliko alivyowahi kujificha Harry Crawford.

Tarehe 9 Juni mwaka 1938, akiwa ameuza biashara yake na amebeba kiasi cha pauni 100, aliteremka kutoka ukingo wa barabara ya Oxford Street na kugongwa na gari. Alifariki dunia hospitalini siku iliyofuata. Barabara hiyohiyo ndiyo waandamanaji wa kwanza wa Mardi Gras walikopita usiku wa tarehe 24 Juni mwaka 1978, ambapo watu 53 walikamatwa na polisi, na tangu hapo imekuwa njia ya maandamano hayo karibu kila mwaka.

Hukumu ya 1920 haijatenguliwa. Tangu Julai mwaka 2025 mkazi wa New South Wales anaweza kubadilisha jinsia iliyoandikwa katika cheti chake cha kuzaliwa bila kulazimika kufanyiwa upasuaji. Aliyegongwa Oxford Street alizikwa katika makaburi ya Rookwood, kwa jina la Jean Ford.