Macbeth wa Moray: mufalme aliyechafuliwa jina

Wengi kati yetu tulisikia jina la Macbeth kwanza kwa Shakespeare: mutu wa tamaa, bibi yake anamusukuma, anamuua muzee Duncan usiku akiwa analala. Muchezo huo uliandikwa karibu mwaka 1606, zaidi ya miaka 500 kisha kifo cha Macbeth mwenyewe. Tunaona vizuri kueleza maisha ya huyo mutu namna yalivyokuwa, kwani kesi yake si ya kisu tu. Ni kesi ya sheria ya kurithi iliyogeuzwa.

Kwa watu wa Uskoti waliosema Kigaeli, kiti cha mufalme hakikutoka kwa baba na kwenda moja kwa moja kwa mutoto wake. Ukoo wa kifalme ulikuwa na matawi. Mwanaume mukomavu ambaye baba yake, babu yake ao baba ya babu yake alikuwa mufalme, aliweza kudai kiti, na mara nyingi matawi yalipokezana. Uzuri wake: nchi haikuachiwa mutoto mudogo. Ubaya wake: kila matanga ya mufalme yaliweza kuleta damu.

Mufalme Malcolm wa Pili hakuacha mutoto mwanaume. Alitaka kiti kibaki paka nyumbani mwake. Mwaka 1033 aliua mujukuu wa Boite, mutu wa tawi lingine la ukoo. Alipokufa mwaka 1034, kiti kilienda kwa Duncan, mutoto wa binti yake.

Macbeth yeye alitoka Moray, upande wa kaskazini. Baba yake Findláech alitawala kule, na mwaka 1020 aliuawa na watoto wa ndugu yake mwenyewe. Mwaka 1032 Gille Coemgáin, wa nyumba ile ya wauaji, alichomwa moto pamoja na watu wake 50. Macbeth njo alikamata Moray kisha pale, akaoa mujane wa marehemu, Gruoch, binti ya yule Boite. Gruoch alikuja na mutoto wake, Lulach. Kwa ndoa hiyo, madai mawili yaliingia nyumba moja.

Duncan alikwenda kushambulia muji wa Durham kule Uingereza, akashindwa vibaya. Kisha akapeleka jeshi Moray. Tarehe 14 Agosti 1040 aliuawa vitani karibu na Elgin. Hakuwa muzee, na hakufa kitandani.

Macbeth alitawala miaka 17. Mwaka 1045 baba ya Duncan, Crínán, mukubwa wa monasteri ya Dunkeld, alisimama kupigana naye, akaanguka. Mwaka 1050 Macbeth alifika Roma na kugawia masikini feza. Mufalme anayeogopa kunyanganywa kiti haachi nchi kwa safari ndefu sawa ile. Yeye na Gruoch waliwapa pia mashamba watawa wa Loch Leven.

Tarehe 27 Julai 1054, Siward, mutawala wa Northumbria, alimupiga kwa jeshi la Waingereza. Siward alishinda, lakini alipoteza mutoto wake hapo. Macbeth akabaki hai. Tarehe 15 Agosti 1057 Malcolm, mutoto wa Duncan, alimuulia Lumphanan. Lulach akawekwa mufalme. Mwezi wa tatu 1058 naye aliuawa.

Je, kesi iliisha? Hapana. Mwaka 1130 Angus wa Moray, mutoto wa binti ya Lulach, aliinua jeshi, akafia Stracathro. Kisha wakaja watoto wa William, waliotoka kwa mutoto wa kwanza wa Malcolm huyohuyo, lakini wakafungiwa inje juu kiti kilikuwa kimekuwa mali ya nyumba ndogo ya ndugu zao. Kaskazini iliwapokea. Donald, mukubwa wao, aliuawa mwaka 1187. Mwaka 1230 alibaki mutoto mumoja wa kike, bado ananyonya. Walimupiga kichwa kwenye nguzo ya soko la Forfar, mbele ya watu wote. Mutoto asiyejua kusema aliuawa juu ya madai ya babu zake.

Hatusemi Macbeth alikuwa mutakatifu. Mikono yake ilikuwa na damu, sawa ya wote waliokaa kiti kile. Lakini sisi watu wa sendika tunajua kitu kimoja: mwenye kushika kalamu kwenye mukutano njo anaamua kesho watu watasoma nini. Kalamu ya Uskoti ilibaki kwa wazao wa Malcolm. Hata Shakespeare aliandika wakati James, mufalme wa damu ile, alikuwa amekalia kiti cha London. Ndivyo Duncan alipata mvi na usingizi, na Macbeth akapata kisu.

Tena tunajua hivi: sheria ikigeuzwa bila kuulizana, yule anayedai kile sheria ya jana ilimupa anaitwa muasi. Watu wa Moray waliitwa hivyo karibu miaka 200. Kabla ya kurudilia neno hilo juu ya mutu yeyote, tuulize kwanza nani aligeuza sheria, na nani alikuwako siku ile.