Sakagwa wa Gusii: Mwaguzi Hakuwa Mchawi

Watu wa pwani tunayo majina mengi kwa wenye kushughulika na mambo yasiyoonekana. Yuko mganga, yuko mpiga ramli, yuko mwenye kutazama nyota kwa falaki, yuko mpunga pepo, na yuko mchawi. Aliyekulia Mombasa au Lamu hawezi kumchanganya wa kwanza na wa mwisho. Mgeni akija, wote huwatia kapu moja. Hayo ndiyo yaliyomfika Sakagwa, mtu mashuhuri wa Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira. Maisha yake yafaa kusimuliwa, kwani huko kwao kuchanganya mambo haya kumetoa roho za watu.

Sakagwa, ambaye vitabu vingi humwandika Sakawa, aliishi katika karne ya 19, wakati Abagusii walipokuwa wakigombea ardhi na mifugo na majirani zao. Katika masimulizi ya vita vya Saosao, ambako yapata mwaka 1892 waliwashinda Wakipsigis, wazee hulitaja jina lake pamoja na majina ya mashujaa.

Wazungu walioandika habari zake wamemwita nabii. Sisi neno hilo tunajua lina wenyewe, na elimu ya ghaibu ni ya Mola peke yake. Basi na tumwite mwaguzi, na hapo hatutakuwa mbali na lugha ya kwao. Kwa Ekegusii mwaguzi ni omoragori, na mchawi ni omorogi. Msomaji ataona mara moja kwamba omoragori ni ndugu wa kuagua kwetu, na omorogi ni ndugu wa kuroga. Asili ya maneno ni moja, na tofauti waliyoiona wao ndiyo tuliyoiona sisi.

Omoragori alifanya kazi yake mchana, mlango wazi, akieleza chanzo cha maradhi au msiba na kafara ipasayo. Omorogi alisemwa kuwa mtu wa usiku, mwenye kudhuru kwa husuda. Kati yao alikuwako omonyamosira, aliyekodiwa kuwakinga watu na kuwalipizia kisasi. Huyu ndiye aliyetatiza mambo, maana dawa ile ile ilikuwa kinga kwa mmoja na mauti kwa mwingine. Basi watu hawakupima dawa. Walipima nia ya mtu, na kama alitenda hadharani au kwa kificho.

Kwa mizani hiyo Sakagwa alikuwa mtu wa hadharani. Yasimuliwa kwamba alitabiri kuja kwa watu weupe, na kwamba vijana watanyang'anywa silaha zao. Alikwenda Getembe, wakati huo pori tupu, akaonyesha mahali patakapojengwa kila kitu cha serikali. Mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wakitaja mwaka 1902, akatoweka. Wafuasi wake walikataa kusema kuwa amekufa, wakangoja arudi.

Mwaka 1907 Waingereza wakajenga kituo chao papo hapo Getembe, ndio mji wa Kisii wa leo. Januari 1908 kijana Otenyo, akichochewa na mama mwaguzi aitwaye Moraa, alimchoma mkuki Northcote, mkuu wa wilaya. Northcote alipona. Abagusii wakaadhibiwa kwa bunduki, na mauaji yalizidi hata Winston Churchill, naibu waziri wa makoloni huko London, akayalalamikia.

Mwaka 1913, huko Alego kwa Wajaluo, Onyango Dunde alidai kumezwa na nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, na kutapikwa akiwa na ujumbe wa kuikataa dini ya Wazungu. Dini hiyo ilipofika Gusii ilimchukua Sakagwa ikamfanya shujaa wake, ikiahidi kwamba atarudi. Septemba 1914, Wajerumani walipoushambulia mji wa Kisii na Waingereza wakauhama, watu waliona utabiri umetimia, wakaupora mji na misheni. Waingereza walirudi na kuwatoza ng'ombe. Baadaye baadhi ya viongozi wa Mumbo walihamishwa kwa nguvu, wakaletwa huku kwetu pwani.

Serikali haikuwa na subira ya kubagua. Sheria ya uchawi ya mwaka 1909, na ile ya 1925 iliyofuata, ziliwatazama mwaguzi, mganga na mchawi kwa jicho moja. Aliyetibu aliogopa, akajificha. Na akijificha, watampambanuaje na mchawi, iwapo kificho ndiyo alama ya mchawi?

Lakini lawama yote tusiwatupie Waingereza. Tangu zamani mwaguzi ndiye aliyeulizwa ni nani aliyeroga, na jawabu lake lilikuwa jina la jirani. Hapo ndipo ukuta kati ya anayeponya na anayedhuru huvunjika, hata bila sheria ya mgeni. Mei 2008 watu 11, wengi wao wakongwe, walichomwa moto katika vijiji vya Gusii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, kina mama wanne waliuawa kwa kushukiwa kumroga mwanafunzi. Kosa la wengi wa wanaouawa hivyo ni uzee, ujane, au macho mekundu ya moshi wa jikoni.

Sakagwa anakumbukwa kwa kuonyesha mahali pa kujenga, si kwa kuonyesha nani wa kuchomwa. Huo ndio mpaka wa kweli, na haumo katika pembe wala hirizi. Wahenga wetu walisema mchawi mpe mwanao akulelee. Walijua kwamba ukimwamini unayemshuku huenda ukampata mlezi, na ukimwasha moto hutapata ila majivu.