Edward Knipling, aliyepigana na nzi kwa kutumia nzi dume wasiozaa

Wakaaji wa Kasongo na Kabambare wanamjua nzi wa tsetse, sababu ndiye anayeambukiza watu ugonjwa wa usingizi. Edward Knipling, mtaalamu wa wadudu kutoka Marekani, ndiye aliyetoa wazo ambalo baadaye lilimaliza tsetse katika kisiwa kizima cha Unguja, Zanzibar.

Knipling alizaliwa tarehe 20 Machi 1909 huko Port Lavaca, jimbo la Texas, katika familia ya wakulima. Tangu utoto aliona ng'ombe wakiteswa na nzi mmoja mbaya sana. Huyo hutaga mayai kwenye kidonda, na mabuu yake yanakula nyama ya mnyama angali mzima. Mwaka wa 1931 akaanza kazi katika wizara ya kilimo ya Marekani.

Akiwa pamoja na mwenzake Raymond Bushland, aligundua jambo moja: nzi dume hupanda majike wengi, lakini jike hupandwa mara moja tu katika maisha yake. Basi, jike akikutana na dume asiyezaa, mayai yake yote yanaharibika na hatafuti dume mwingine. Wakiachiliwa madume wa namna hiyo wengi kupita wale wa porini, nzi watapungua kizazi kwa kizazi mpaka waishe.

Wengi walimcheka. Tena, njia ya kuwafanya nzi wasizae haikuwepo. Vita ya pili ya dunia ikaja, Knipling akapewa kazi ya kutafuta dawa za kukinga askari na chawa na mbu. Wazo likangoja.

Mwaka wa 1950 alisoma kazi ya Hermann Muller, aliyeonyesha kwamba mionzi ya eksirei inaharibu uzazi wa nzi wa matunda. Bushland akajaribu mionzi hiyo kwa nzi wa vidonda, ikafaulu. Mwaka wa 1954 walimaliza nzi hao katika kisiwa cha Curaçao kwa miezi michache. Mwaka wa 1992 wote wawili walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Kwa tsetse njia hii inafaa pia. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja, na huzaa mtoto mmoja mmoja, kila siku 10 hivi. Huko Unguja, ambako tsetse alikuwa akiua ng'ombe kwa nagana, kwanza walipunguza nzi kwa mitego na kwa dawa iliyopakwa mifugo. Halafu, kuanzia 1994, ndege ndogo ziliachilia madume waliofugwa Tanga, zaidi ya milioni 8 mpaka 1997. Tsetse wa mwisho wa porini alinaswa mwaka wa 1996. Knipling aliyaona hayo kabla ya kufa, tarehe 17 Machi 2000, akiwa na miaka 90.

Lakini Unguja imezungukwa na bahari, nzi wengine hawawezi kurudi. Maniema ni msitu na mito isiyo na mpaka: ukisafisha kijiji kimoja, tsetse anatoka kijiji cha jirani. Ndiyo maana kwa Kasongo na Kabambare silaha bado ni mitego kando ya mito, na kila mtu kukubali kupimwa timu inapofika, hata asiyesikia maumivu. Ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini miaka bila kujionyesha.