Pearson na Haki ya Vipofu

Arthur Pearson hakuwa rafiki wa makoloni. Alikuwa bepari wa magazeti mjini London, na mwaka 1903 alikuwa mmoja wa wakuu wa Tariff Reform League, jumuiya iliyoutilia nguvu mpango wa Joseph Chamberlain wa kuizungushia himaya yote ya Waingereza ukuta wa ushuru. Tunalitaja hilo mwanzo kabisa, asije mtu akadhani tumeazimia kumpamba. Tunalokusudia ni kueleza kazi aliyoifanya baada ya kupofuka, kazi ambayo watumishi wa serikali wanaoshughulikia ustawi wa jamii wangefaa kuijua pamoja na upungufu wake.

Alizaliwa mwaka 1866 katika kijiji cha Wookey, Somerset, mtoto wa kasisi. Mwaka 1884 gazeti la Tit-Bits lilitangaza shindano la maswali, na zawadi ya mshindi ilikuwa kazi ya ukarani katika ofisi ya gazeti hilo. Kijana Pearson alikuwa akipanda baiskeli mpaka maktaba ya Bedford kutafuta majibu. Alishinda, na haukupita muda mrefu akawa meneja. Mwaka 1890 aliacha kazi hiyo akaanzisha gazeti lake mwenyewe, Pearson's Weekly, ambalo toleo lake la kwanza liliuzwa nakala robo milioni. Mwaka 1900 akaanzisha Daily Express, lililothubutu kuweka habari katika ukurasa wa kwanza wakati magazeti mengi yalipokuwa yakiujaza ukurasa huo matangazo ya biashara. Mwaka 1904 akanunua Standard. Hodari wa nini? Wa kumfanya msomaji atie mkono mfukoni kwa hiari yake. Uhodari huo ndio uliowafaa vipofu baadaye.

Ugonjwa wa shinikizo la jicho ulimwanza angali kijana wa makamo. Mwaka 1908 alipasuliwa, lakini nuru ikazidi kufifia, naye akauza magazeti yake moja baada ya jingine mpaka giza likamfunika kabisa. Mtu wa mali kama yeye angeweza kukaa nyumbani akasomewa vitabu na watumishi. Hakukaa. Aliingia katika Taasisi ya Taifa ya Vipofu, iliyokuwa ikichapa vitabu vya nukta nundu, na mwaka 1914 akawa rais wake. Mapato ya taasisi hiyo yalipanda kutoka pauni 8,000 hadi pauni 360,000 katika muda wa miaka minane.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, hospitali za Uingereza zikaanza kupokea vijana waliopofushwa na risasi, mizinga na gesi ya sumu. Mwanzoni mwa mwaka 1915 Pearson alifungua bweni la askari hao, na muda si muda likahamia katika jumba la St Dunstan's, ndani ya bustani ya Regent's Park, alilolitoa tajiri wa benki wa Kimarekani, Otto Kahn. Jumba lenyewe halipo tena. Mahali pake pamejengwa makazi ya balozi wa Marekani.

Pearson aliwaendea askari vitandani mwao hospitali. Mlezi kipofu alikuwa akimwendea mwanafunzi kipofu, na jambo hilo lilitenda kazi ambayo wauguzi mia wenye macho wasingeiweza. Kila askari alipewa saa ambayo angeweza kuisoma kwa kupapasa kwa vidole. Kwa maoni yetu hapana zawadi iliyoteuliwa kwa busara kuliko hiyo, kwani mtu ambaye kila mara humwuliza mwenzake ni saa ngapi amekwisha kuwa tegemezi kabla hajanyanyuka kitandani. Katika jumba lile palikuwa na vitambaa vya sakafuni vya kuwaongoza miguu, na walimu wengi walikuwa vipofu wenyewe. Huruma ya machozi ilipigwa marufuku. Asubuhi watu walifundishwa nukta nundu na kupiga taipu. Baadaye wakajifunza kusuka vikapu na mikeka, kushona viatu, useremala, kufuga kuku, kuchua viungo vya wagonjwa, na kupokea simu maofisini. Jioni walipiga makasia ziwani na kucheza dansi.

La maana zaidi ni lile lililofuata baada ya mafunzo. Fundi aliyerudi kijijini kwao hakuachwa peke yake. St Dunstan's iliendelea kumpatia vifaa, ikamtembelea kukagua kazi yake, ikamsaidia kuuza alichokitengeneza. Wangapi miongoni mwetu wamewahi kumkabidhi kipofu cheti cha ufundi, wakapiga picha naye, kisha wasijue tena habari zake?

Hata hivyo mafanikio hayo yalikuwa na mipaka. Askari aliyepofushwa vitani alikuwa na malipo ya serikali, na taifa zima likimwonea fahari. Mchimba makaa ya mawe aliyepofushwa mgodini, au mtoto aliyezaliwa haoni, hakuwa na bendera ya kufunikwa nayo. Yeye aliachiwa misaada ya makanisa na ya wahisani, au nyumba za maskini, mpaka afikishe umri wa miaka 70 ndipo apate pensheni ya uzee. (Pensheni Jamii iliyoanzishwa hapa Zanzibar mwaka 2016 nayo iliweka umri wa miaka 70.) Fedha alizozikusanya Pearson, ingawa zilikuwa nyingi, zilitegemea moyo wa mtoaji.

Sisi tuliopita vyuoni tulifundishwa mapema kutofautisha zaka na sadaka. Sadaka ni hiari ya mwenye nacho. Zaka ni haki ya fukara iliyomo ndani ya mali ya tajiri, na asiyeitoa anazuia mali isiyo yake. Wafanyakazi vipofu wa Uingereza, waliokuwa wameunda chama chao cha kazi tangu mwaka 1899, hawakusoma chuoni, lakini hoja yao ilikuwa hiyo hiyo. Mwezi Aprili 1920, vipofu zaidi ya mia moja walitoka Newport, Manchester na Leeds wakatembea kwa miguu mpaka London, wakidai haki na kuikataa sadaka. Waziri Mkuu Lloyd George aliwapokea.

Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Vipofu. Umri wa pensheni kwa asiyeona ukashushwa kutoka miaka 70 hadi 50, halmashauri za wilaya zikatwikwa wajibu wa kuwatunza vipofu wao, na jumuiya zinazochangisha fedha kwa jina la vipofu zikalazimishwa kujiandikisha. Tunaamini kwamba jina la Pearson lilisaidia kuwazoesha Waingereza kumwona kipofu kuwa mtu wa kazi. Lakini miguu iliyotembea ilikuwa ya wengine, nao walipata pungufu ya walichokidai.

Pearson alifariki tarehe 9 Desemba 1921 nyumbani kwake. Aliteleza bafuni, akagonga kichwa, akazimia na kufa maji. St Dunstan's ikaongozwa na Ian Fraser, mwanafunzi wake aliyepofushwa katika mapigano ya Somme mwaka 1916, ambaye aliishika kazi hiyo mpaka mwaka 1974. Ama wale vipofu wa migodini na viwandani, walingoja mpaka mwaka 1938 ndipo umri wa pensheni yao ukashushwa tena, safari hiyo hadi miaka 40.