James Chuma na Safari ya Bagamoyo

Soma Yakobo 2:1–4. Ni nani aliyepewa mahali pazuri katika kusanyiko hilo, na ni nani aliyeambiwa asimame kando?

Huko Bagamoyo wageni huonyeshwa mnara wa kanisa la zamani la misheni ya Wakatoliki, uitwao Mnara wa Livingstone. Mwili wa David Livingstone ulifikishwa katika misheni hiyo Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Mmoja wa walioongoza safari ya kuuleta alikuwa James Chuma.

Chuma alikuwa Myao, mzaliwa wa nchi za karibu na Ziwa Nyasa. Mwaka 1861, akiwa mvulana wa miaka kama kumi na mmoja, alikuwa katika msafara wa watumwa Livingstone na wenzake walipowafungua. Alisomeshwa Bombay, India, akabatizwa huko mwaka 1865 na kuitwa James. Mwaka uliofuata alirudi Afrika pamoja na Livingstone, akasafiri naye miaka saba.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Chuma, mwenzake Abdullah Susi, na wengine walishauriana. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakauanika juani kwa siku 14, wakaufunga kwa nguo na gome la mti. Kisha wakaubeba zaidi ya kilometa 1,600. Halima, mpishi, alikuwamo safarini, ingawa masimulizi mengi humsahau. Wengine walikufa njiani. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, afisa Mwingereza aitwaye Cameron aliwashauri wauzike mwili hapo hapo. Walikataa. Fikiria hilo: watu waliohesabiwa kuwa wapagazi tu, wakimkatalia afisa mzungu jambo waliloliona kuwa ni wajibu wao! Mbele kidogo, kwa kuwa wenyeji waliogopa maiti kupitishwa kwao, waliufungasha mwili kama robota ya nguo, wakajifanya kuwa wameurudisha nyuma ukazikwe. Darasa linaweza kujadiliana kuhusu hila hiyo.

Walipofika pwani, kaimu balozi wa Uingereza aliwalipa ujira wao, na kazi ikaishia hapo. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London. Kati ya wote walioubeba mwili kutoka kwa Chitambo, aliyekuwapo ni mmoja tu, Jacob Wainwright, ambaye nauli yake ililipwa na shirika la misheni. Chuma na Susi walifika Uingereza baada ya maziko, kwa gharama za James Young, rafiki wa marehemu. Huko walimsaidia mchungaji Horace Waller kuandaa shajara za mwisho za Livingstone, kwa maana wao ndio waliojua habari za siku zake za mwisho. Majina yao yalichapwa katika ukurasa wa mbele wa kitabu, wakitajwa kama watumishi waaminifu.

Chuma alirudi, akaongoza misafara mingine, ukiwamo ule wa Joseph Thomson wa mwaka 1879. Alifariki Zanzibar mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka thelathini na kidogo.

Swali la kujadili: Yawezekana hakuna aliyepanga maziko yale kwa nia ya kumdharau Chuma. Je, kusahauliwa kunaweza kuwa ubaguzi? Katika kanisa lenu mahalia, wageni wanapokuja, viti vya mbele huwekewa akina nani, na ni nani hubeba maji na kupika bila kutajwa jina?