Justo Takayama Ukon: Mtawala Aliyefia Ukimbizini

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu wa imani, mara hii tunakwenda mbali sana, hadi Japani ya miaka zaidi ya mia nne iliyopita. Tunayemsimulia alizaliwa katika ngome, akatawala watu maelfu, akafa katika nchi ya wageni akiwa mkimbizi pamoja na mke, binti na wajukuu zake. Jina lake ni Takayama Ukon. Sisi Wakristo tunamwita pia Justo, yaani mwenye haki, ambalo ndilo jina lake la ubatizo.

Alizaliwa mwaka 1552. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1549, Mtakatifu Fransisko Ksaveri alikuwa amefika Kagoshima, kusini mwa Japani, akiwa mhubiri wa kwanza wa Injili katika visiwa vile. Nchi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu karibu miaka mia. Mfalme alikuwepo, lakini jina tu. Kila jimbo lilikuwa na bwana wake mwenye ngome na askari, aliyeitwa daimyo, na mabwana hao walishambuliana bila kukoma. Wanakijiji walilala na mizigo yao imefungwa. Wasomaji wetu wengi hawahitaji kuelezwa hali hiyo.

Baba yake, Takayama Tomoteru, alikuwa mkuu wa ngome ndogo ya Sawa na mshika dini ya Kibudha. Mwaka 1563 aliitwa kuwa mmoja wa watu wa kuichunguza hii dini mpya ya wageni, na bila shaka wengi walitegemea kwamba ingekataliwa. Aliyekuja kuwajibu mjini Nara hakuwa Mzungu. Alikuwa Bruda Lourenço, Mjapani, karibu kipofu, ambaye zamani alizunguka vijijini akipiga zeze na kuimba ili apate chakula. Wachunguzi walimuuliza maswali siku nyingi, na mwisho wake waliomba ubatizo. Tomoteru akawa Dario. Kisha alimwalika Lourenço nyumbani kwake, na huko wakabatizwa mkewe, watoto na watumishi. Ukon alikuwa na umri wa miaka 12 hivi.

Tusidhani kwamba tangu siku hiyo alikuwa mtakatifu. Alilelewa kuwa samurai, yaani askari wa ukoo, na upanga ulikuwa kazi yake. Mwaka 1573, bwana kijana wa Takatsuki, Wada Korenaga, alipanga kumuua yeye na baba yake. Walipigana usiku ndani ya chumba, taa zikazimika, na Ukon alikatwa shingoni kiasi kwamba waliomwona walimhesabu amekufa. Korenaga alikufa kwa majeraha yake, Ukon akapona. Waandishi wa maisha yake wanasema ni katika kuugua kule, akiwa amelala na kidonda, ndipo imani ya utotoni ilipoanza kuwa yake mwenyewe.

Baada ya hapo familia ya Takayama ilipewa ngome ya Takatsuki, kati ya Kyoto na Osaka. Walijenga kanisa, na wakafanya jambo lililowashangaza watu kuliko mahubiri yote. Alipokufa maskini, Dario na Ukon walibeba jeneza mabegani kwa mikono yao wenyewe. Katika Japani ya wakati ule, kugusa maiti ni kazi waliyoachiwa watu waliodharauliwa kabisa. Wakuu wengine walipoona bwana wa ngome akichukua mwili wa mtu asiye na jina, nao wakashika majembe kuchimba kaburi. Barua za mapadre zinahesabu Wakristo wa Takatsuki, miaka michache baadaye, kuwa 18,000 kati ya watu 25,000.

Hapa ni lazima tuseme ukweli wote. Masimulizi ya mahekalu ya sehemu ile yanasema kwamba katika utawala wake nyumba za ibada za Kibudha na za Kishinto zilichomwa au kubomolewa. Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani kilitoka kwake, lakini hatuwezi kulifuta jambo hilo kwa sababu tu tunampenda. Wale walioabudu humo walikuwa nao na machozi yao, na baadaye shtaka hilo lilirudi juu ya Wakristo wote.

Jaribu kubwa lilimjia mwaka 1578. Mtawala mwenye nguvu kuliko wote alikuwa Oda Nobunaga. Bwana wa karibu wa Ukon, Araki Murashige, alimwasi Nobunaga. Ukon alijaribu kumzuia, na ili Araki aamini kwamba anamshauri kwa nia njema, alimkabidhi dada yake na mtoto wake wa kiume wakae kwake kama rehani. Araki hakusikia. Nobunaga akaizunguka Takatsuki na kutuma neno: Ukon asipoitoa ngome, mapadre watauawa na makanisa yataharibiwa. Basi akiitoa ngome, Araki atamuua mtoto na dada. Asipoitoa, kanisa litaangamia. Na baba yake Dario, ambaye alimpenda mjukuu wake, alikuwa humo humo ngomeni akikataa katakata isitolewe.

Ukon alisali. Kisha alifanya ambalo hakuna aliyelitazamia: aliacha vyote. Alikata nywele zake za kisamurai, akavaa vazi la karatasi kama mtu aliyeiaga dunia, akatoka ngomeni bila askari na kujikabidhi kwa Nobunaga. Kwa kuwa hakuwa tena bwana wa kitu, hakumpigania Nobunaga wala hakumpiga Araki. Dario alikimbilia kwa Araki ili awaombee wale rehani. Mungu ni mwema, hawakuguswa. Lakini Araki mwenyewe alitoroka na kuiacha jamaa yake, na Nobunaga aliwaua wake kwa watoto, zaidi ya watu mia moja. Dario alihukumiwa kuhamishwa kaskazini, na Ukon alirudishiwa Takatsuki.

Mambo ya miaka iliyofuata tuyapitie haraka. Pasaka ya mwaka 1581 iliadhimishwa Takatsuki kwa shangwe, akiwepo Padre Alessandro Valignano, mkaguzi wa kazi zote za Wajesuiti katika Asia. Msafara wake ulikuwa na Mwafrika, na kitabu kimoja cha Kifaransa cha mwaka 1627 kinasema alitoka Msumbiji. Siku hizo hizo Nobunaga alimwona mjini Kyoto, akamchukua awe mtumishi wake, na Wajapani wakamwita Yasuke. Yaelekea basi kwamba mtu wa pwani yetu alikuwa katika umati wa Pasaka ile. Mwaka 1582 Nobunaga alisalitiwa na kufa, na nafasi yake ikashikwa na Toyotomi Hideyoshi, mwana wa mkulima. Ukon alimpigania vizuri, na mwaka 1585 akapewa eneo kubwa zaidi, Akashi, karibu na bahari.

Utajiri wa mabwana ulipimwa kwa mchele. Kipimo kimoja, koku, kilihesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa mwaka mzima. Akashi ilikuwa na koku 60,000. Juu ya hayo Ukon alikuwa bingwa wa sanaa ya chai, ile desturi ya Kijapani ya kumpokea mgeni katika kijumba kidogo, kwa ukimya na unyenyekevu, ambamo mwenye upanga huuacha nje. Mwalimu mkuu wa chai, Sen no Rikyu, alikuwa na wanafunzi saba mashuhuri, na Ukon ni mmoja wao. Katika vijumba hivyo alizungumza na rafiki zake juu ya Kristo. Wakuu kama Gamo Ujisato na Kuroda Yoshitaka walibatizwa kwa sababu yake. Hosokawa Tadaoki hakubatizwa, lakini alimsimulia mkewe maneno ya Ukon, na mwanamke huyo akawa Gracia, anayekumbukwa Japani hadi leo.

Kisha ukaja usiku wa Julai 1587. Hideyoshi alikuwa Hakata, kusini, amemaliza vita. Ghafla aliwageukia Wakristo. Alilalamika kwamba mahekalu yanabomolewa na kwamba Wareno wananunua Wajapani na kuwapeleka utumwani. Lalamiko hili la pili lilikuwa kweli, na ni aibu ya wafanyabiashara waliojiita Wakristo. Aliamuru mapadre waondoke nchini, na kwa Ukon alituma wajumbe: aache imani, la sivyo apoteze eneo lake. Ukon alijibu kwamba eneo anarudisha, imani haachi. Inasemekana Hideyoshi hakutaka kumpoteza, hata akamtuma mwalimu wake Rikyu ambembeleze. Jibu likawa lile lile.

Habari ilipofika Akashi, wazee wake, mke na watoto walipaswa kuhama mara moja, na pamoja nao familia za askari wake wote. Hilo ndilo lenye uzito kuliko upanga. Mtu akiamua peke yake ateseke, tunamsifu. Lakini uamuzi wa Ukon uliwatoa majumbani watu waliokuwa hawajaulizwa. Wanaosimulia maisha yake hulipita jambo hili upesi mno. Nadhani yeye hakulipita. Alijificha katika kisiwa cha Shodoshima, chini ya ulinzi wa rafiki yake Mkristo Konishi Yukinaga, bila kujua kesho itakuwaje.

Mwaka 1588 bwana wa Kaga, Maeda Toshiie, aliruhusiwa kumpokea mjini Kanazawa. Huko alikaa miaka 26. Msomaji aihesabu hiyo miaka: mtoto anazaliwa, anakua, anaoa, naye anapata watoto. Ukon aliishi kwa mgao wa mchele wa mwenyeji wake, bila ngome, katika nchi ya theluji nyingi. Hakukaa bure. Alikuwa mjuzi wa ujenzi, akasaidia kuimarisha ngome ya Kanazawa kwa mahandaki, na mwaka 1609 ngome mpya ya Takaoka ilijengwa, kazi ambayo ramani yake inahesabiwa kuwa ya Ukon. Alifundisha chai. Kanisa lilijengwa, Wakristo wakaongezeka polepole.

Hofu haikuwa mbali kamwe. Mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru mwalimu Rikyu ajiue. Februari 1597 Wakristo 26 walitundikwa msalabani Nagasaki, wakiwemo watoto, na inasimuliwa kwamba jina la Ukon lilikuwa katika orodha ya kwanza, kisha likaondolewa. Mwaka 1600 Konishi, aliyemficha, alishindwa vitani na kukatwa kichwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1614 mtawala mpya, Tokugawa Ieyasu, alipiga marufuku Ukristo katika nchi nzima. Amri ilifika Kanazawa wakati wa baridi kali. Ukon, sasa mzee wa miaka 62 hivi, aliondoka na mkewe Justa na wajukuu watano ambao baba yao alikwisha kufa. Binti yao alikuwa ameolewa katika nyumba kubwa ya Kaga na angeweza kubaki. Alikwenda na wazazi. Aliandamana nao pia Naito Joan, mtawala mwingine wa zamani, na jamaa yake. Walivuka milima kwa miguu katika theluji, watoto na wazee, chini ya ulinzi wa askari. Marafiki waliwasihi wakubali kwa midomo tu, wabaki na imani moyoni. Walifika ziwa la Biwa, wakangoja. Wakapelekwa Osaka, kisha kwa mashua hadi Nagasaki, na huko wakangoja tena miezi mingi, hawajui kama watauawa au watasafirishwa. Tarehe 8 Novemba 1614 walipakiwa katika jahazi kuukuu lililojaa kupita kiasi. Baadhi ya abiria walikufa njiani. Siku chache baada ya kung'oa nanga, vita vikubwa vilianza Osaka, na samurai wengi Wakristo wasio na mabwana wakaingia kupigana huko. Ukon alikuwa baharini.

Walifika Manila, Ufilipino, mwezi wa Desemba, siku chache kabla ya Noeli. Gavana Mhispania Juan de Silva alimpokea kwa heshima, mizinga ikapigwa, watu wakajaa ufukweni. Alipewa ahadi ya posho kutoka hazina ya mfalme wa Hispania. Ukon alishukuru na kukataa, akieleza kwamba hana tena nguvu ya kumtumikia mfalme huyo, basi haifai ale chakula chake.

Safari na joto la nchi ngeni vilimmaliza. Alishikwa na homa, akawaaga jamaa zake, na tarehe 3 Februari 1615 akafariki. Alikuwa amekaa Manila siku arobaini na kidogo. Mji mzima ulimzika, katika kanisa la Wajesuiti.

Naito Joan aliishi Manila hadi mwaka 1626, katika makazi ya Wajapani. Dada yake Julia aliendelea huko na jumuiya ya wanawake wa sala aliyoianzisha Kyoto. Kule Japani, Ukristo uliendelea kuwa marufuku hadi mwaka 1873, na waamini walisali kwa siri kutoka kizazi hadi kizazi bila padre.

Kwa sababu kifo chake kilitokana na mateso ya uhamisho, Kanisa lilimhesabu Ukon kuwa shahidi. Alitangazwa Mwenye Heri tarehe 7 Februari 2017. Ibada ilifanyika Osaka mbele ya maelfu ya watu, katika ukumbi ulio kando ya ngome aliyoijenga Hideyoshi.