Ladi Kwali, mfinyanzi aliyeingia shule ya wanaume

Wasikilizaji wetu wengi wamekunywa maji ya mtungi, na wanajua kuwa mtungi hupoza maji bila umeme. Udongo uliochomwa kwa moto wa kuni na majani huwa na vitundu vidogo sana. Maji hupenya taratibu, yanafika nje, yanakauka na kuondoka na joto. Tunaanzia hapo kwa sababu mama tunayemzungumzia leo alianzia hapo hapo, kwenye mitungi ya maji.

Ladi Kwali alizaliwa yapata mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, katikati ya Nigeria, kwenye jamii ya Wagwari. Ladi ni jina la Kihausa la msichana aliyezaliwa Jumapili. Shule hakusoma. Ufinyanzi alifundishwa na shangazi yake tangu utotoni, kama ilivyo kwetu ambako kazi hii hurithiwa na wanawake.

Hakutumia gurudumu. Alitengeneza kitako kwa bonge la udongo, akaongeza mikunjo minene ya udongo mmoja juu ya mwingine, huku akiinama na kukizunguka chungu kinyumenyume. Chungu kilitulia, mfinyanzi ndiye aliyezunguka. Kabla udongo haujakauka alichora mijusi, nge, nyoka, mamba na samaki. Vyungu vyake vilisifika hadi Emir wa Abuja akaviweka katika jumba lake.

Huko ndiko Mwingereza Michael Cardew alikoviona. Serikali ya kikoloni ilikuwa imemwajiri aendeleze ufinyanzi Nigeria. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu kazi kama hiyo Gold Coast, Ghana ya leo, na mradi ule ulimshinda kwa hasara. Safari hii alianza kidogo. Mwaka 1952 kituo cha mafunzo ya ufinyanzi kilifunguliwa Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja, maana jina la Abuja lilichukuliwa na mji mkuu mpya. Udongo ulitoka jirani, kuni zilitoka jirani, na dawa ya kung'arisha vyombo ilichanganywa kwa majivu na mawe yaliyosagwa.

Lakini wanafunzi wa kwanza walikuwa wanaume. Tunaona jambo hili la ajabu: katika nchi ambayo wanawake walifinyanga kwa vizazi vingi, shule ya ufinyanzi ikafunguliwa, wenye kazi wakabaki nje. Ladi Kwali aliingia mwaka 1954, mwanamke wa kwanza. Alijifunza gurudumu na tanuri, ila umahiri wake ulibaki mikononi. Baadaye wanawake wengine wa Kigwari walimfuata, wakapata chumba chao cha kufinyanga kwa mikono.

Tanuri ndilo lililobadilisha mambo. Moto wa kijijini mara nyingi haufiki nyuzi joto 900. Tanuri la Abuja lilikaribia 1,300. Chombo kilitoka kigumu kama jiwe, kina mng'ao wa kijani, na ile michoro ya mijusi ikionekana kwa weupe chini yake. Kilikuwa kizuri mno, ila kilikuwa hakipozi maji tena, kwa kuwa vitundu vimezibwa. Kuanzia hapo mtungi wa Ladi ulitengenezwa kwa ajili ya mtu wa kuutazama, na mtu huyo mara nyingi aliishi Ulaya. Sisi hatumlaumu mtu kwa hilo. Methali yetu inasema mfinyanzi hulia gaeni, na kazi iliyopata mnunuzi ni bora kuliko sifa tupu. Hata hivyo, anayetaka kufungua darasa la ufinyanzi kijijini kwake ajiulize mapema chombo chake ni cha nani: jirani mwenye kiu, au mgeni mwenye rafu ya kukiweka?

Vyombo vyake vilioneshwa London mwaka 1958. Mwaka 1962 alizuru Uingereza akifinyanga mbele ya watu, na mwaka 1972 akazuru Marekani. Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1977, yeye ambaye hakuwahi kukaa darasani. Alifariki mjini Minna mwaka 1984. Picha yake akiwa na chungu ipo nyuma ya noti ya naira 20, na kituo cha Suleja kilipewa jina lake.

Katikati ya miaka ya 1970 alifika hapo msichana aliyezaliwa Nairobi, Magdalene Odundo, aliyekuwa akisomea sanaa Uingereza. Alijifunza kwa Ladi Kwali na wenzake namna ya kujenga chungu bila gurudumu. Leo Odundo ni miongoni mwa wafinyanzi wanaoheshimiwa zaidi duniani, na vyombo vyake bado anavijenga kwa mikono.